Barabara Inapoondoka

Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la J.P. Magufuli tarehe 19 Juni 2025. Tangu siku ile safari ya Kigongo hadi Busisi, iliyoweza kula saa mbili au tatu ukijumlisha foleni ya kivuko, inakwisha kwa dakika chache. Ni kilomita 3 za zege juu ya ghuba ya Mwanza, zaidi ya shilingi bilioni 700, na zaidi ya miaka mitano tangu jiwe la msingi liwekwe Desemba 2019. Aliyeliweka ni Rais John Magufuli mwenyewe. Njia ya kwenda kwao Chato inapita hapohapo, ila hakujaliwa kuliona limekamilika. Alifariki Machi 2021.

Kuhusu daraja yamesemwa mengi na yanastahili. Mimi nataka kuizungumzia barabara iliyobaki chini. Ukitokea Usagara, kabla hujapanda darajani, lami ya zamani inaachana na mpya na kuteremka hadi majini. Ng'ambo, upande wa Busisi, kuna kipande kingine kama hicho kinachotoka majini na kupanda kuelekea Sengerema. Kwa miongo mingi vipande hivyo viwili vilibeba magari mengi ya Geita, Biharamulo na Bukoba yaliyokuja Mwanza. Leo havina kazi. Nilivitazama nikiwa juu ya daraja, dirishani mwa basi, na safari nzima hadi Geita nikawa nakumbuka barabara nyingine nilizoziona zikiachwa, na watu walioachwa nazo.

Nimekulia Mirongo, katikati ya mji wa Mwanza, karibu na Makoroboi, ambako mto Mirongo unapita nyuma ya nyumba ukielekea ziwani na kila masika unawakumbusha wenye nyumba kwamba upo. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa mjini. Katikati ya miaka ya 1980, shule zikifungwa na mama akikubali, mjomba alinichukua safari za Geita. Tulikwenda na sukari, sabuni na saruji ikipatikana, tukarudi na mahindi, mihogo mikavu na mananasi ya Sengerema. Mimi nilikaa mbele, utingo alikaa juu ya mzigo amejifunga shuka kichwani kwa ajili ya vumbi.

Mjomba hakuwahi kunywa chai nyumbani siku ya safari. "Chai tutakunywa Kigongo," alimwambia mama, na mama alinuna kidogo kila mara. Kigongo ilikuwa kama kilomita 30 tu kutoka mjini, lakini palikuwa na mama ntilie mmoja aliyemwekea sato wa kukaanga na viazi hata kama lori lingechelewa hadi mchana. Mjomba alimwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akavua kofia, akakaa kwenye benchi la mti. Akiwa hana pesa alikula, yule mama akaandika kwenye daftari. Tulipokuwa tunarudi alilipa, na wakati mwingine alimletea dawa au barua aliyopewa na ndugu zake wa ng'ambo.

Nilikuwa mtoto, na foleni ile kwangu ilikuwa sikukuu. Palikuwa na wauza karanga na mayai ya kuchemsha, vijana wa miwa, mafundi wa pancha, wazee wa kahawa, wabeba mizigo waliojua kila gari na kila mwenye gari. Madereva walipeana habari: Katoro kumenyesha, kalavati limekwenda na maji, polisi wamesimama mahali fulani. Nikiwa mkubwa ndipo nilipoelewa nilichokuwa nakiona. Mji ule haukupimwa na afisa ardhi wala kupangwa na mtu yeyote. Ulizaliwa na kusubiri. Dereva aliyesimama saa mbili alikuwa na njaa, kiu na jambo la kuzungumza, na kwa kila haja yake palikuwa na mtu aliyejenga banda kuitimiza.

Lakini nisije nikaonekana naitamani foleni ile irudi. Miaka kadhaa baadaye nilikaa kwenye foleni hiyohiyo upande wa Busisi, usiku, ndani ya gari la kukodi, na binamu yangu akiwa na uchungu wa uzazi uliokwama. Daktari wa Sengerema alikuwa ameandika rufaa ya hospitali ya Bugando, mjini Mwanza. Watu walitupisha mbele bila kuulizwa, kila mmoja akisema "mgonjwa, mgonjwa," tukafika gatini wa kwanza. Kivuko kilikuwa ng'ambo. Taa zake tuliziona vizuri kabisa zikiwa zimesimama Kigongo, na hapakuwa na la kufanya isipokuwa kumshika mkono na kungoja. Binamu yangu alifika Bugando akajifungua salama. Mtoto huyo sasa ni kijana mkubwa. Si wote waliofika. Yeyote aliyewahi kutazama taa za kivuko kutoka ng'ambo akiwa na mgonjwa hana haja ya kushawishiwa kwamba daraja lilihitajika, na ninayoyaandika hapa nayaandika nikiwa nimesimama upande wa daraja.

Tarehe 21 Mei 1996 meli ya abiria MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Mtaani kwetu kulikuwa na familia nyingi zenye asili ya Kagera. Siku zile kila nyumba ya pili au ya tatu ilikuwa na turubai. Baada ya hapo majirani zetu wengi waliapa kutogusa meli tena. Wakaanza kwenda kwao kwa basi, kupitia Busisi, Geita na Biharamulo, juu ya vumbi na makorongo, safari ndefu na ya mateso kuliko usiku mmoja melini. Ndipo nilipoona jinsi njia inavyoweza kuachwa kabla ya kuharibika. Maji ya Ziwa Victoria yalikuwa palepale na meli nyingine zilikuwepo, ila watu walikuwa wameondoka mioyoni mwao. Na Kigongo, bila kufanya lolote, ilipata wateja wapya.

Muda si mrefu baada ya hapo nilipata nafasi ya kusoma Dar es Salaam. Vijana wa leo wanaopanda basi Nyegezi alfajiri na kulala Dar siku hiyohiyo huenda wasiamini kwamba mabasi yetu ya wakati ule yalipita Kenya. Mwanza, Musoma, Sirari, Kisii, Nairobi, Namanga, Arusha, ndipo uitafute Chalinze. Mtanzania aliyekuwa anakwenda mkoa mwingine wa nchi yake alibeba hati ya kusafiria, akagongewa mihuri mpakani mara mbili, kwa sababu barabara ya kati ya Nzega, Singida na Dodoma ilikuwa udongo, na mvua ikinyesha malori yalizama mbugani Wembere na kukaa siku nyingi. Tuliokosa pesa ya basi tulipanda treni ya Reli ya Kati, ambayo ilifika Mwanza mwaka 1928 na bado ilikuwa inatembea kwa mwendo wa enzi hizo.

Sirari tulishushwa na mabegi yetu. Vijana wa kubadilisha fedha walituzunguka, kinamama wa chapati na maharage walijua kwamba basi la Dar lina watu wenye njaa. Kisha, kipande kwa kipande, barabara ya kati ikapata lami. Hakuna aliyetangaza kwamba njia ya Nairobi imekufa. Mabasi yalipungua tu, yakabaki yale yenye abiria wa Nairobi kwelikweli. Nilipopita Sirari baadaye niliikuta hai, biashara imechangamka, na nilijiuliza kwa nini. Jibu ni mpaka. Sirari ilikuwa na kazi yake nyingine mbali ya kumlisha mpita njia wa Dar. Nafuu hiyo hawakuwa nayo wale wa vituo vidogo vya katikati, ambako basi lilisimama dakika kumi za kujisaidia na kununua maji. Kwao basi lilikuwa ndilo soko, ndilo na shamba.

Na kwenye ile barabara ya kati nayo, baada ya lami, nilianza kuviona vipande. Unatazama dirishani karibu na Shelui au Igunga, unaona njia nyekundu inachepuka, inaingia kwenye miiba, inapotea, halafu mbele kidogo inarudi tena upande wa pili. Nyumba zilizokuwa zimeielekea bado zimeielekea. Mlango unatazama porini, na lami mpya inapita mgongoni. Ukiona nyumba ya namna hiyo, ujue aliyeijenga alikuwa na akili nzuri ya biashara kwa ramani ya wakati wake.

Elimu kubwa zaidi niliipata kwenye kibarua. Baada ya chuo nilikaa mtaani bila kazi, kisha rafiki akanipeleka kwa timu ya wathamini waliokuwa wakipima mali kwenye barabara moja ya kanda yetu ya ziwa iliyokuwa inawekwa lami. Mthamini aliangalia, mwenzangu akashika utepe, mimi nikaandika. Mwembe mkubwa. Mwembe mdogo. Migomba. Nyumba ya tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji. Kaburi. Makaburi yana utaratibu wake, kuna sheria ya kuyahamisha ya mwaka 1969, na familia hupewa gharama za kumhamisha marehemu wao. Kwenye ukuta wa kila nyumba iliyoguswa alama ya X ilipigwa kwa rangi nyekundu. Watu waliichukia X, na nilielewa. Lakini X ilikuwa na maana moja zaidi ambayo sikuiona mara ya kwanza: uliyepigwa X umeonekana na serikali. Jina lako limeingia kwenye jedwali.

Tulifika kwenye kona moja iliyokuwa inanyooshwa. Barabara mpya ingekatiza mashambani, kama mita mia nne nyuma ya kijiji, na kona yote ingeachwa. Kwenye kona palikuwa na duka la mzee mmoja, na pembeni mashine ya kusaga. Mzee alitufuata tokea nyumba ya kwanza, mikono nyuma, akitutazama tukiandika mali za jirani zake wenye mashamba upande ule. Tulipofunga daftari akasogea.

"Wanangu, mimi mbona hamniandiki?"

Kiongozi wetu alimjibu kwa heshima. "Mzee, wewe huathiriki. Barabara haikugusi."

"Ndiyo maana nauliza," akasema mzee.

Tulicheka kidogo, kwa adabu, tukidhani hajaelewa. Tulipanda gari. Jioni, nikinakili majedwali kwa taa ya chemli, ndipo neno lake liliponiingia. Yeye alikuwa ameelewa kuliko sisi. Mwenye shamba la mihogo alikuwa amepoteza mihogo na atalipwa mihogo. Mwenye duka alikuwa amepoteza barabara.

Nilikwenda kuzisoma sheria baadaye kwa sababu ya mzee yule. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa bila kuchelewa. Kanuni zake za mwaka 2001 zinataja vitu vingi kuliko watu wanavyodhani: thamani ya ardhi sokoni, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na hata faida ya biashara iliyopotea. Kwa hiyo sheria yetu inajua kwamba biashara ina faida, na kwamba faida hiyo inaweza kupotea kwa sababu ya barabara. Ila haya yote ni ya yule ambaye ardhi yake imetwaliwa. Mzee wa konani ardhi yake ilikuwa palepale, yote, hadi inchi ya mwisho ya mpaka. Alichopokonywa ni wapita njia, na wapita njia hawamo kwenye jedwali.

Nilipita kijijini hapo miaka mingi baadaye. Mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mashine ya kusaga ilikuwa inafanya kazi, maana wanakijiji bado wanakula ugali, lami iwe wapi. Duka lilikuwa limefungwa. Mwanawe aliniambia walijaribu kuifuata barabara. Alijenga kibanda kando ya lami mpya, akauza soda na vocha, biashara ikaanza kuinuka. Halafu ikaja X. Alikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na hifadhi yenyewe ilikuwa imepanuliwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliitoa mita 22.5 ikaifikisha mita 30 kila upande kutoka katikati. Mara hii nayo hakulipwa, kwa sababu aliyejenga ndani ya hifadhi ni mvamizi. Fikiria familia hiyo. Barabara ilipowaacha waliambiwa hawakuguswa, na walipoifuata wakaambiwa wamevamia. Kila jibu lilikuwa sahihi kwa sheria, na majibu yote mawili kwa pamoja yaliimaliza familia.

Kuhusu kona yenyewe niseme kitu, kwa sababu si yote yaliyokuwa mabaya. Wanakijiji walikuwa wanaanika mpunga juu ya ile barabara ya zamani iliyoshindiliwa, pagumu na pakavu, pasipo gari la kuukanyaga. Watoto walijifunzia baiskeli. Ng'ombe walipita bila kugongwa. Nilisimama pale nikaona kwamba barabara iliyoachwa ni mali: ardhi ndefu, iliyoinuliwa, yenye kalavati na mitaro, ambayo umma uliigharamia. Lakini mita chache kutoka hapo kulikuwa na shimo kubwa la moramu lililochimbwa na mkandarasi na kuachwa wazi, limejaa maji ya mvua, na wakinamama walinionya nisisogee na mtoto wangu. Mitaro ilikuwa imeziba, maji yameanza kula tuta. Nilimwuliza mwenyekiti wa kijiji nani anaitunza. Akasema TANROADS, Wakala wa Barabara, walishaondoka, maana ya kwao ni ile mpya. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kushughulikia barabara za wilaya, vijijini na mijini, haikuwa nayo kwenye orodha yake. Kijiji nacho hakikuwa na karatasi inayosema ni yake. Barabara iliyokuwa na mwenyewe kwa miaka yote ilikuwa imebaki bila mwenyewe, na wanakijiji waliokuwa wakianika mpunga walifanya hivyo kwa matumaini tu kwamba hakuna atakayekuja na hati siku moja kuwaondoa.

Hata mjini tumeyaona. Mabasi ya mikoani yalipohamishiwa pembeni mwa mji, ya Musoma Buzuruga na ya Shinyanga Nyegezi, nyumba nyingi za wageni katikati ya jiji zilipoteza wasafiri wa alfajiri. Kisha Buzuruga nayo ikaonja, mabasi yalipopelekwa Nyamhongolo. Mji una watu wengi, unajiponya haraka. Kijiji cha kivukoni hakina wingi huo.

Baada ya kupita darajani mara ya kwanza nilitafuta siku nikaenda Kigongo kwa makusudi, nikashuka njia panda, nikatembea barabara ya zamani hadi majini. Vivuko tulivyovizoea miaka ya karibuni, MV Misungwi na MV Mwanza, havikuwa tena na foleni ya kubeba. Mabanda mengi yalikuwa yamefungwa, mengine yameng'olewa mabati. Nilitafuta mahali alipokaa yule mayu, mama ntilie wa mjomba wangu, sikupatambua. Lakini nilimkuta mama wa rika langu akikaanga samaki, wachache, kwenye karai dogo.

"Habari za hapa, dada?"

"Nzuri, kaka. Karibu. Umepotea njia?"

Nilimwambia nimekuja kwa hiari. Akanikaribisha kwenye benchi. Tulizungumza hadi jua likaanza kushuka, na nataka alichosema kisikike sawasawa, kwa sababu wanaowasemea watu wa Kigongo mara nyingi huwafanya kama wanaolia dhidi ya maendeleo. Aliniambia daraja ni zuri. Binti yake ameolewa Sengerema, sasa wanaonana. Alisema hakuna mtu wa pale asiyejua kwamba daraja lingekuja, maana walilitazama likiinuka nguzo kwa nguzo, na wajenzi walikuwa wateja wake wakubwa. "Tulijua siku yake," alisema. "Tulichokuwa hatujui ni sisi twende wapi." Baadhi ya wenzake wamekwenda Usagara, wengine Katoro. Vijana wa kubeba mizigo wamenunua bodaboda kwa mkopo na wanavusha watu, kwa kuwa daraja lina njia ya waenda kwa miguu lakini kilomita 3 juani na ndoo ya samaki kichwani ni mbali. Yeye ana mkopo wa kikundi cha kinamama aliouchukua kwa hesabu za wateja wa kivuko.

Nilimwuliza kama kuna mtu aliyekuja kuwaandika. Akanitazama kama mzee wa konani alivyotutazama zamani.

Si kila gati hufa. Dar es Salaam walipata Daraja la Kigamboni mwaka 2016, na vivuko vya Magogoni vimeendelea kujaa, kwa sababu mtu wa miguu anayekwenda Posta hawezi kuzunguka Kurasini. Kwenye mto Rufiji, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 hali ilikuwa nyingine. Daraja lilichukua kazi yote ya kivuko cha Ndundu, na watu wa kusini waliokuwa wakikwama huko walimshukuru Mungu. Tofauti hizi zinaweza kujulikana mapema. Mtu akiketi na kuuliza nani atavuka kwa gari, nani kwa miguu, na nani anaishi kwa kuwauzia, atapata majibu kabla nguzo ya kwanza haijazamishwa. Maofisa wetu wanahesabu magari kwa uangalifu mkubwa ili wajue daraja liwe na upana gani. Waliokuwa wanawalisha wenye magari hayo wangeweza kuhesabiwa siku hiyohiyo, na mtu yuleyule mwenye kalamu ileile.

Kigongo na Busisi zina kitu ambacho vile vituo vidogo vya njia ya Nairobi havikuwa nacho. Zina ziwa. Zina lami inayofika hadi majini, na gati iliyojengwa kubeba malori. Ni mwalo gani wa samaki katika ghuba yetu ambao usingeitamani barabara ya namna hiyo? Samaki, dagaa na mananasi yangeweza kupakiwa hapo, na juu, barabara ya zamani inapokutana na ya daraja, pangejengwa maegesho ya magari na vibanda nje ya hifadhi, vigawiwe kwanza kwa waliokuwa kivukoni. Halmashauri ya Misungwi inayo Kigongo, ya Sengerema inayo Busisi. Kazi hii haihitaji mabilioni ya daraja. Inahitaji uamuzi wa nani ni mmiliki wa lami ya zamani, na inahitaji ufanyike kabla watu hawajatawanyika wote, maana mteja akirudi na mpishi hayupo itakuwa kazi bure.

Zaidi ya hapo, nataka sheria ijifunze kumwona mzee wa konani. Kila mradi wa kunyoosha barabara, kuipitisha nje ya mji au kuivusha kwa daraja uwe na jedwali la pili, la wale ambao barabara inawaondokea. Si lazima walipwe kama waliobomolewa. Wapewe taarifa kwa maandishi yenye tarehe, wapewe nafasi ya kwanza kwenye vibanda vipya, na mikopo yao ijadiliwe na waliowakopesha. Kipande kinachoachwa kikabidhiwe rasmi kwa kijiji au kwa TARURA, mashimo ya moramu yakiwa yamefukiwa kwa gharama ya mkandarasi kabla hajapokea malipo yake ya mwisho.

Magu nako daraja jipya la Simiyu lilianza kujengwa kando ya lile jembamba la zamani, na barabara nyingi nchini ziko mezani mwa wachora ramani. Ikiwa unaishi au unafanya biashara kwenye mojawapo, nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa wageni wa mradi watakapokuja kujitambulisha. Wengine watauliza kuhusu fidia ya miti na nyumba, na ni haki yao. Wewe simama uulize kipande cha zamani kinakabidhiwa kwa nani, lini, na wanaokitegemea wanapelekwa wapi. Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari, na ubaki na nakala yako.